Msitu, mto na ningu: namna ya kupima wepesi wa kudhurika na tabianchi katika bonde la Mara

Mto Mara huanzia kwenye chepechepe za Napuiyapui na vijito vya Msitu wa Mau, hushuka kwa mikono miwili, Nyangores na Amala, hupita mbuga za Masai Mara na Serengeti, kisha humwaga maji yake Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Bonde lote ni takriban km² 13,750, theluthi mbili hivi zikiwa Kenya na zilizobaki Tanzania. Mwongozo huu ni wa maofisa misitu, vyama vya watumia maji, vikundi vya usimamizi wa fukwe na wanafunzi wanaotaka kujua ni vidakio vipi vya bonde hili (maeneo yanayokusanya mvua na kuipeleka kwenye kijito au mto mmoja) vitakavyoumia kwanza hali ya hewa inapobadilika, na samaki gani, kama ningu apandaye mto kutaga, wataumia navyo.

Tathmini nyingi huharibika kwa sababu hupima wastani: wastani wa mvua kwa mwaka, wastani wa joto, wastani wa maji mtoni. Samaki hafi kwa wastani. Hufa wiki ile ya Februari au Machi maji yanapokuwa machache kupita kiasi, au siku ile mvua ya kwanza inaposukuma uchafu wa kiangazi chote kwa mkupuo mmoja. Panga kazi yako yote kuzunguka nyakati hizo mbili.

Tenga mwaka mmoja kamili. Kama huna, anza katikati ya Desemba na maliza mwisho wa Mei, ili upate kiangazi na masika. Kazi inayofanywa Juni hadi Septemba peke yake haifai, kwa kuwa sehemu za juu za Mau hupata mvua Julai na Agosti, na mto utakuonyesha uso usio wake. Vibali vishughulikiwe miezi mitatu kabla: tume za sayansi zinazotoa vibali vya utafiti, NACOSTI kwa upande wa Kenya na COSTECH kwa Tanzania, pamoja na idhini ya idara za misitu na uvuvi.

Hatua ya kwanza: gawa bonde na taja kinacholindwa

Idara ya Misitu ya Marekani ilipojaribu tathmini za namna hii katika misitu 11 ya taifa mwaka 2010 na 2011, ilitumia vidakio vidogo, vingi vikiwa kati ya km² 40 na 160. Ukubwa huo unafaa Mau pia. Nyangores hadi kituo cha Bomet ina karibu km² 700, na Amala hadi kituo chake cha kupimia ina kiasi kama hicho, kwa hiyo kila mkono utakupa vidakio vidogo saba hadi kumi. Usianze na bonde zima.

Chora mipaka kwa QGIS, programu ya bure ya ramani, ukitumia ramani ya miinuko ya SRTM iliyopimwa kutoka angani, yenye miraba ya mita 30. Weka kila kitu kwenye mfumo mmoja wa majira ya ramani, UTM kanda ya 36 kusini. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni ramani za zamani za 1:50,000: zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukizipachika juu ya vipimo vya GPS bila kuzigeuza, kila kitu kitahama karibu mita 300. Kwenye mabonde membamba ya Mau umbali huo unatosha kukupeleka kwenye kijito cha jirani. La pili ni ardhi tambarare: programu itakuchorea mito isiyokuwepo kwenye ardhioevu ya Mara upande wa Tanzania. Huko, mwenye mtumbwi anajua njia za maji kuliko kompyuta. Mfuate.

Kisha andika kwa kila kidakio kinacholindwa ni nini: maji ya kunywa ya mji fulani, mazalia ya ningu, chepechepe yenye chemchemi, daraja, shamba la umwagiliaji. Kidakio kisicho na kitu cha kupotea hakiwezi kuwa cha kwanza kwenye orodha, hata kama mvua yake itaharibika vibaya.

Hatua ya pili: pigo linalokuja

Kwa mvua, pakua data ya CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayotokana na setilaiti na vipimo vya ardhini, inayoanzia 1981 na yenye vigae (miraba) vya kilomita tano hivi. Linganisha na vipimo vya ardhini kutoka idara ya hali ya hewa, shule au viwanda vya chai. CHIRPS ni nzuri kwa jumla ya mwezi na msimu, lakini hupunguza mvua kubwa za siku moja, kwa hiyo mafuriko yapime kwa vipimo vya ardhini. Vitu vinne ndivyo vya kutoa: siku nyingi mfululizo zisizo na mvua (chini ya milimita 1) kati ya Desemba na Machi, tarehe ya kuanza masika, yaani siku tatu zilizotoa jumla ya milimita 20 au zaidi, idadi ya miaka ambayo mvua hiyo ilifuatwa na ukavu wa siku kumi au zaidi, na mvua kubwa kuliko zote ya siku moja na ya siku tano.

Hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa na ndicho kinachomuua ningu. Tutakirudia.

Kuhusu siku zijazo, sema ukweli kwa wasomaji wako. Miundo ya tabianchi, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ya baadaye, inakubaliana kwamba joto litapanda na kwamba mvua kubwa za ghafla zitaongezeka. Mingi pia huonyesha vuli ikiongezeka. Kwa masika mambo si wazi: vipimo vilionyesha yakipungua kuanzia miaka ya 1980, wakati miundo mingi ilitabiri yaongezeke. Ukichukua wastani wa miundo hiyo utapata badiliko dogo la mvua ambalo halitatokea kamwe, maana litakuwa ni jumla ya ukame na mafuriko yaliyofutana. Tengeneza picha tatu badala yake: joto na mvua zaidi, joto na ukame, joto na misimu inayoruka huku na huku. Kwa kila picha jaribu ongezeko la nyuzi 1, 2 na 3 za Selsiasi.

Tumia pia yaliyokwisha kutokea. El Niño ya 1997 na 1998, mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilizofuatwa na Ziwa Viktoria kufikia kina cha kihistoria Mei 2020, ukame wa 2020 hadi 2022, mafuriko ya Aprili na Mei 2024: watu wanayakumbuka, picha za setilaiti zipo.

Kwa maji ya mtoni, omba kumbukumbu za vituo 1LA03 (Nyangores, Bomet) na 1LB02 (Amala) kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya. Zina mapengo. Usiyajaze kwa wastani wa mwezi, kwa sababu mapengo mengi hutokea wakati wa mafuriko yaliyozoa kipimo chenyewe, na hapo wastani utadanganya. Uliza pia lini uhusiano wa kina na wingi wa maji ulipimwa upya. Baada ya furiko kubwa kitako cha mto hubadilika, na jedwali la zamani hutoa takwimu zinazoonekana safi na zisizo za kweli. Toa kiwango kinachozidiwa asilimia 95 ya siku, na kiwango cha chini cha siku saba mfululizo kwa kila mwaka. Utaona Amala hupanda na kushuka haraka kuliko Nyangores, jambo linaloendana na kuondolewa kwa misitu na kukandamizwa kwa udongo kwenye kidakio chake.

Hatua ya tatu: hali ya kidakio chenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi na pesa nyingi. Mvua ileile ikinyesha juu ya vidakio viwili, kimoja chenye msitu na chemchemi na kingine kilicholimwa hadi ukingoni, matokeo hayafanani hata kidogo.

Chagua vituo vitatu kwa kila kijito: mpakani mwa msitu, katikati ya mashamba, na kabla ya makutano na mto mkubwa. Andika mwinuko wa kila kimoja. Hewa hupoa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo usilaumu mashamba kwa joto lililoletwa na mteremko tu.

*Joto.* Weka kirekodi cha joto kinachoandika kila dakika 30. Kabla ya kukiweka na baada ya kukitoa, kizamishe kwenye ndoo ya barafu inayoyeyuka. Kikisoma tofauti na sifuri kwa zaidi ya nyuzi 0.3, rekebisha data au kikatae. Kitie ndani ya kipande cha bomba jeupe la plastiki lenye matundu, kifunge kwa waya kwenye mzizi imara au nondo, mahali maji yanapotiririka, si kwenye dimbwi. Weka kingine hewani, kivulini, mita mbili juu ya ardhi.

Maji yakishuka, kirekodi hubaki nje. Utakijua kwa kuwa joto la mchana na usiku litaanza kupishana sana, sawasawa na kile cha hewani. Futa siku hizo zote. Na vingi hupotea kwa kuchukuliwa na watoto au wachunga ng'ombe, kwa hiyo onyesha kifaa kwa mzee wa mtaa kabla ya kukiweka, eleza ni cha nini, na andika juu yake kwa Kiswahili.

Ukipata miezi mitatu ya data, linganisha joto la maji na la hewa kwa wastani wa kila wiki. Kijito kinacholishwa na chemchemi na kufunikwa na miti kitapanda kidogo, mara nyingi chini ya nyuzi 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya hewa. Kilicho wazi na chenye maji haba hufika 0.7 au zaidi. Namba hiyo moja hukuambia mengi kuliko ramani yoyote: ukitumia picha ya ongezeko la nyuzi 2, kijito cha kwanza kitaongezeka nyuzi 0.8 na cha pili 1.4.

*Wingi wa maji.* Kama huna kipima kasi, tumia chungwa. Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, pima upana, pima kina mahali pasipopungua patano, achia chungwa mara tano na chukua muda wa wastani. Mfano: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.25, eneo mita ya mraba 1. Chungwa limetumia sekunde 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, upate 0.34, jibu ni lita 340 kwa sekunde. Penye mawe makubwa zidisha kwa 0.8. Kwenye kijito kidogo ziba kwa udongo, pitisha maji kwenye bomba, na hesabu sekunde za kujaza ndoo ya lita 20. Pima kila wiki Januari hadi Machi, saa ileile, na uandike pampu zinazofanya kazi siku hiyo upande wa juu. Pasipo hilo utaita ukame kitu ambacho ni uchotaji.

*Oksijeni.* Pima kabla ya jua kuchomoza. Mchana mimea ya majini huongeza oksijeni na kukupa jibu la kufurahisha lisilo na maana. Rekebisha kipima kwa mwinuko: maji ya nyuzi 20 yaliyojaa oksijeni hushika miligramu 9.1 kwa lita usawa wa bahari, lakini kwenye mita 2,000 ni 7 na kidogo tu. Samaki wa Mau wanaanza na pungufu hilo, na kila nyuzi ya joto inalizidisha.

Kwenye mbuga, pima ndani na chini ya vilindi vya viboko. Upande wa Kenya peke yake kuna viboko zaidi ya 4,000, nao hula nchi kavu na kunya majini. Maji yakiwa machache kinyesi hujikusanya chini ya kilindi, huoza, na oksijeni huisha kabisa huko chini. Furiko la kwanza likifika, hukifagia kilindi na kusukuma maji hayo mabaya kwa kilomita kadhaa, na samaki huonekana wakielea. Jambo hili ni la asili na la zamani. Kinachobadilika ni kwamba kiangazi kirefu huongeza mzigo, uchotaji wa maji huko juu huongeza ukavu, na mvua kali huusukuma mzigo wote kwa siku moja. Kwa sababu hiyo kidakio cha Mau na samaki wa mbugani haviwezi kutathminiwa kando kando.

*Kingo na njia.* Tembea. Pima upana wa mimea ya asili kila mita 100. Kanuni za Kenya hutaka mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto, Tanzania mita 60. Linganisha na kilichopo. Mikaratusi iliyopandwa ndani ya chepechepe iandike peke yake, isihesabiwe kuwa msitu, kwani hunywa maji yaleyale unayoyapima. Hesabu mahali ng'ombe wanaponywea. Hesabu kalavati, na kwa kila moja pima kimo cha maporomoko kwenye mdomo wa chini wakati wa maji machache: yakizidi sentimita 30, samaki wengi wadogo hawapandi tena. Tazama pia mtaro wa barabara unamwaga wapi. Tope jingi la Mara hutoka kwenye barabara za udongo na njia za mifugo, kuliko ukubwa wa maeneo hayo unavyoonyesha kwenye ramani.

Hatua ya nne: samaki, mmoja mmoja

Orodha ya majina haitoshi. Kwa kila aina jibu maswali manne: anataga lini na wapi, anahimili joto na upungufu wa oksijeni kiasi gani, anahitaji kusafiri umbali gani, na ana mahali pa kukimbilia?

Ningu ndiye wa kuanza naye. Hupanda mto na maji ya kwanza ya mvua, hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji kandokando ya mto, kisha hurudi. Alikuwa samaki mkubwa wa biashara wa Ziwa Viktoria hadi nyavu za makila, zilizoingia ziwani 1905, zilipowekwa midomoni mwa mito na kumkamata akiwa na mayai. Leo yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Sasa kirudie kipimo cha tatu cha mvua: masika yakianza, ningu akapanda na kutaga, halafu mvua ikakatika siku kumi, maji huondoka kwenye nyasi na vifaranga hukauka. Mvua ya mwaka huo inaweza kuwa nzuri kabisa kwenye jedwali la wastani. Hesabu ilitokea miaka mingapi kati ya 1981 na sasa, na kama inaongezeka.

Kuyu huhitaji maji yanayokimbia na changarawe safi, kwa hiyo tope ndilo adui yake wa kwanza, halafu kalavati. Kambare, au mumi, hupumua hewa pia na huvumilia. Mpe alama ndogo. Kamongo humaliza kiangazi ndani ya matope, lakini bila ardhioevu hana pa kuishi. Vijito vya juu vina kambare wadogo wanaong'ang'ania mawe, wasio na thamani sokoni na rahisi kuwasahau. Hao hawana pa kukimbilia: juu yao kuna chemchemi tu, na kijito kikipata joto wanakwisha.

Mahojiano na wavuvi wazee ni data, yafanye kwa nidhamu. Usiulize "mwaka gani", uliza "kabla au baada ya El Niño ya 97?" Onyesha picha ya samaki, kwa sababu jina moja hubeba aina mbili kutoka kijiji hadi kijiji. Wahoji kina mama wanaokausha na kuuza samaki mbali na wavuvi wanaume. Wao hukumbuka ukubwa na bei, yaani lini samaki walianza kuwa wadogo. Kwa kuvua sampuli, migono na nyavu ndogo zinatosha kwa mwanzo. Uvuvi wa umeme uachie wataalamu wenye vibali wa taasisi za utafiti wa uvuvi, KMFRI ya Kenya au TAFIRI ya Tanzania, na kumbuka maji ya juu ya Mau yana chumvi kidogo, kwa hiyo hata wao hukosa samaki waliopo.

Hatua ya tano: toa alama bila kuzichanganya

Toa alama 1 hadi 3 (3 ndiyo mbaya zaidi) kwa pigo, 1 hadi 3 kwa udhaifu wa kidakio, na 1 hadi 3 kwa kinacholindwa. Usizijumlishe na kugawa. Tuseme kidakio kina kingo nzuri, tope dogo, joto zuri, lakini kina kalavati moja iliyoziba njia ya mazalia pekee ya kuyu. Wastani utasema ni salama. Kwa samaki huyo kimekwisha. Kanuni salama ni kwamba alama mbaya kuliko zote ndiyo inayobeba daraja la kidakio kwa samaki husika, na sababu yake iandikwe kwa sentensi moja. Pembeni andika ushahidi: umepimwa, umesimuliwa, au umekisiwa kutoka ramani.

Ukimaliza, jaribu orodha yako dhidi ya yaliyotokea. Vidakio ulivyoviita dhaifu kwa mafuriko, je, ndivyo vilivyopoteza madaraja na kingo 2019 na 2024? Vile vya ukame, je, ndivyo vilivyokauka 2022? Zaidi ya theluthi moja visipolingana, rudi hatua ya tatu. Mara nyingi kosa ni chemchemi iliyosahauliwa au pampu zisizohesabiwa.

Hatua ya sita: kutoka alama hadi kazi

Usikimbilie kidakio kibaya kuliko vyote. Anza na kile chenye maji baridi, chemchemi hai na samaki wote bado wapo, kwa kuwa kukilinda ni rahisi na ndiko samaki watakakokimbilia. Kwa vilivyo katikati, kazi zenye faida ya haraka ni tatu: mabirika ya mifugo nje ya mto, kurekebisha mdomo wa kalavati kwa ngazi ya mawe, na zamu za pampu Februari na Machi. Kwa zamu hizo mna nguvu ya sheria: sheria za maji za nchi zote mbili zinataka mto ubakiziwe akiba kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa viumbe wake kabla ya vibali vya uchotaji kutolewa. Vile vipimo vya chungwa vya kila wiki, vikiwa na tarehe na sahihi, ndivyo chama cha watumia maji kitakavyopeleka mezani.

Acha virekodi vya joto mtoni. Vibadilishe betri kila Desemba, rudia kipimo cha barafu, na weka nakala ya data ofisi ya juu na ya chini, Bomet na Musoma.